TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 13: Usipake Rangi Juu ya Kutu



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu unayesoma ujumbe huu, huenda umemaliza daku sasa hivi na unasubiri adhana. Huenda uko kwenye daladala unaelekea mjini, au umejiegesha kivulini unangoja swala ya adhuhuri. Popote ulipo, nipe dakika chache.

Leo ni siku ya 13. Kumi la kwanza limeshatuaga, na hili la kati wengi tumezoea kuliita kumi la msamaha. Usiku tunasimama, tunanyanyua mikono, tunaomba. Sasa leo tuulizane swali moja tu: huo msamaha tunaouomba, tumeutengenezea njia ya kutufikia, au tumeiziba wenyewe?

Nitakujibu kwa habari ya baiskeli. Usicheke, nisikilize mpaka mwisho.

Na kabla sijaanza, nitoe angalizo. Dini yetu haimpendezeshi mtu kutangaza dhambi ambayo Allah amemsitiri nayo. Haya ninayosimulia ni makosa yangu mwenyewe, na ninayasimulia kwa sababu niliyemkosea ndiye aliyeniambia niwaeleze. Ila alinipa sharti. Sharti lenyewe utalikuta huko chini.

*Kitu cha mtumba, Mtumba*

Sisi wa Mtumba tumezoea utani. Mgeni akisikia jina la mahali petu, anauliza nguo zinauzwa upande gani. Basi mwenzenu mwezi wa Rajab nikanunua kitu cha mtumba kweli kweli: baiskeli kuukuu aina ya Phoenix.

Vijana huenda hamuijui heshima yake. Waulizeni wazee. Kabla bodaboda hazijajaa, Phoenix ya kutoka Shanghai ndiyo ilikuwa gari la mkulima. Magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma vya fito, keria pana nyuma. Ilibeba gunia la mtama kwenda mashineni, ilibeba madumu ya maji, ilibeba mgonjwa kwenda zahanati. Wengine walikuwa na Raleigh ya Uingereza, wengine walikuwa na Swala iliyotengenezwa hapa hapa nchini. Mwenye baiskeli alikuwa mtu.

Mimi nilitaka usafiri wa kwenda kazini, maana hela ya bodaboda kila siku ilikuwa inanimaliza. Tena nilitaka kitu cha kushughulisha mikono jioni, badala ya kukaa na simu. Akapita kijana mtaani anaikokota. Simjui, hanijui. Akataka shilingi 45,000.

Nilijua baiskeli kama ile haiuzwi kwa bei hiyo. Nikampa hela, nikaichukua, akaenda zake.

Sikumuuliza ni ya nani. Nataka unielewe vizuri hapa. Sikusahau kuuliza. Niliacha kuuliza makusudi, kwa sababu nilihisi jibu lingeniharibia bei.

Siku ile ile nikanunua kopo la rangi nyeusi na brashi. Sikufungua hata nati moja. Nikapaka fremu, nikapaka madigadi, nikapaka keria. Kutu iliyokuwepo nikapitisha brashi juu yake. Kufika magharibi chuma kinang'aa, nikapiga picha, nikaweka kwenye status. Watu wakaandika MashaAllah. Na mimi nikaamini.

*Fundi aliniambia neno*

Mvua za Dodoma si nyingi, lakini zilitosha. Mwezi wa Shaaban rangi ikaanza kuvimba, vipele vipele kama ngozi yenye ugonjwa. Nikabonyeza kipele kimoja kwa ukucha, kikapasuka. Ndani yake unga mwekundu.

Nikaikokota mpaka kwa fundi mmoja mtu mzima anayefanyia kazi zake chini ya mwarobaini. Akaizunguka, akaigonga gonga kwa spana. Hakucheka. Akasema, "Mwanangu, hii hukuitengeneza. Umeificha."

Nikamuuliza, "Si nimepaka rangi, fundi?"

Akanieleza jambo ambalo naona kila Muislamu analihitaji. Akasema rangi ni kinga ya chuma kisafi. Chuma chenye kutu ukikipaka rangi, kutu haifi. Kutu yenyewe haikishiki chuma vizuri. Inamenyuka, inaachia nafasi, maji na hewa vinapenya, na chuma cha chini nacho kinaanza kuliwa. Rangi ya juu inabaki inapendeza huku ndani kunalika. Na siku ikimenyuka, inamenyuka na kipande cha chuma.

Tena akanionyesha kutu inapoanzia. Haianzii pale unapopaona kila siku ukipanda. Inaanzia chini ya kiti, nyuma ya madigadi, kwenye maungio, mahali ambapo matope yalikaa na hakuna aliyefuta.

"Sasa nifanyeje?"

"Fungua yote. Kwangua mpaka uone chuma. Halafu ndiyo tuongee habari ya rangi."

*Kazi ya baada ya alasiri*

Basi Ramadhani ikaingia, na mimi nikajiwekea utaratibu. Nikitoka kazini na kuswali alasiri, nakaa uani na vyuma vyangu mpaka karibu na futari. Brashi ya waya, msasa mkali, kisha msasa laini. Mafuta ya taa kwenye beseni kuukuu. Kiti, usukani, pedali, cheni, magurudumu, kila kitu pembeni.

Nilipofungua gurudumu la mbele ndipo nikajua vumbi letu hili linafanya nini. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imekunywa vumbi mpaka imekuwa kama udongo. Grisi imewekwa ili gololi ziteleze, lakini ikichanganyika na mchanga inageuka msasa wenyewe. Yaani kile kilichowekwa kulinda ndicho kilichokuwa kinasaga. Gololi zinatakiwa 10 kila upande kwenye gurudumu la mbele, na 9 kila upande kwenye gurudumu la nyuma. Upande mmoja nilizikuta 8, na mbili kati yake zimepasuka. Nje gurudumu lilikuwa linazunguka kama kawaida. Ndani linajila.

Nikajisemea, Subhanallah, hii ndiyo ibada ya mtu mwenye dhulma. Anaswali, anafunga, gurudumu linazunguka. Lakini ndani kuna mchanga.

Hapo nilikuwa naongea tu, sijui kama naongea habari zangu.

Tarehe 5 Ramadhani nikafika kwenye madigadi ya nyuma. Nikakwangua rangi yangu nyeusi. Chini yake kukawa na rangi nyingine, ya kijani, nayo imepakwa kwa haraka kama yangu. Nikaitoa. Na chini ya ile ya kijani, kwenye chuma chenyewe, vidole vyangu vikagusa nukta. Nikaifuta kwa mafuta ya taa, nikaigeuza kwenye mwanga. Zilikuwa herufi zilizogongwa kwa msumari, nukta kwa nukta. Jina la mtu. Na chini yake, jina la kijiji.

Nilikaa pale na kitambaa mkononi mpaka adhana ya magharibi ikanikuta.

*Siku tano za kujitetea*

Unajua nilifanya nini siku ya pili? Hakuna. Siku ya tatu? Hakuna. Nilikuwa na majibu tele. Nimenunua kwa hela yangu ya halali. Mwenyewe huenda alishafariki. Watu wenye jina kama hilo wako wengi. Nikiwa na nafasi nitatoa sadaka, itafidia. Na kopo la rangi lilikuwa limebaki nusu, pale pale ukutani. Mkono mmoja tu wa brashi, zile nukta zinajaa, na jina linapotea.

Usiku naenda tarawehe, nasimama safu ya mbele. Nikirudi nyumbani napita karibu na lile kopo.

Alfajiri ya siku ya tano nikafungua msahafu, nikafika Suratul-Mutaffifin. Aya ya 14 Allah anaeleza kuhusu waliokadhibisha, kwamba nyoyo zao zimefunikwa na yale waliyokuwa wakiyachuma. Neno lililotumika pale, wafasiri wengi wamelieleza kwa mfano wa kutu. Kutu inayoupanda moyo. Na Mtume (S.A.W), katika hadithi aliyoipokea Abu Hurayra na kupokewa na Tirmidhi, ametufafanulia inavyoanza: mja akitenda dhambi, moyoni huwekwa nukta nyeusi. Akiacha, akaomba msamaha na kutubu, moyo husafishwa. Akirudia, nukta huongezeka mpaka moyo wote unafunikwa. Kisha akasema hiyo ndiyo aliyoitaja Allah katika aya ile.

Nukta, ndugu yangu. Nukta kwa nukta.

Lakini kilichonitoa jasho hakikuwa aya ya 14. Ilikuwa ni mwanzo wa sura. Hebu ifungue na wewe leo. Sura inayotaja kutu ya moyo, imefunguliwa kwa onyo kwa nani? Kwa wanaopunja. Wanaojipimia kamili wakipokea haki yao, na wanaopunguza wakiwapimia wengine. Yaani Allah ameweka habari ya mizani ya sokoni na habari ya kutu ya moyo ndani ya sura moja. Sisi tumevitenganisha. Tunaona kutu ya moyo ni habari ya msikitini, na bei ya baiskeli ni habari ya mtaani.

Imam Nawawi katika Riyadhus-Salihin ametuwekea hesabu iliyo wazi. Dhambi ikiwa ni baina yako na Allah, toba ina masharti matatu: uiache, uijutie, uazimie kutoirudia. Ikiwa imemgusa mwanadamu, yanakuwa manne. La nne ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Ikiwa ni mali, irudishe. Ikiwa umemsengenya, mwombe radhi. Mimi nilikuwa na matatu, na hata hayo sina hakika nayo. La nne lilikuwa limelala uani.

Na kuna ile hadithi ya aliyefilisika, ameipokea Muslim. Mtume (S.A.W) aliwauliza maswahaba wanamfahamu vipi mtu aliyefilisika. Wakasema ni asiye na hela wala mali. Akawaambia kwamba aliyefilisika katika umma wake ni mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, na swaumu, na zaka, lakini amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwingine. Basi wote hao watalipwa kutoka kwenye mema yake. Yakiisha kabla deni halijaisha, anabebeshwa madhambi yao.

Soma tena hapo: mtu huyo amekuja na swaumu. Si kwamba hakufunga. Alifunga. Njaa aliipata, kiu ya Dodoma aliipata, halafu siku ya malipo swaumu inahesabiwa kwa mtu mwingine.

Fundi alipokuwa ananionyesha kunyoosha gurudumu, aliniambia ukikaza spoku za upande mmoja tu, gurudumu linavutwa upande huo na kuanza kuyumba. Unakaza hizi, unazitazama na za upande wa pili. Basi na sisi mwezi huu tumekaza upande mmoja sana, Alhamdulillah. Tarawehe, khitma, futari za pamoja. Upande wa pili, wa haki za watu, spoku zinachezacheza. Halafu tunashangaa kwa nini Shawwal ikiingia tu tunaanza kuyumba.

*Wakati umefika*

Mnamfahamu Fudhayl bin Iyadh. Mwanachuoni huyu mkubwa wa ibada alifariki Makka mwaka 187 Hijria. Inasimuliwa kuwa kabla ya toba alikuwa mnyang'anyi wa njiani, misafara ikimwogopa. Usiku mmoja akipanda ukuta, akasikia mtu akisoma aya ya 16 ya Suratul-Hadid, ile ambayo Allah anawauliza walioamini kama haujawafikia wakati wa nyoyo zao kunyenyekea. Fudhayl akajibu palepale ukutani, kwamba ndiyo, Mola wangu, umefika. Akashuka.

Na jina la sura hiyo ni Al-Hadid. Chuma.

Tarehe 10 Ramadhani nikarudi kwa fundi. Nikamwambia ukweli wote. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi tuimalize vizuri. Mali ya mtu hairudishwi ikiwa vipande."

Tukaimaliza. Gololi mpya, grisi mpya, tairi mbili na tyubu zake, cheni ikapata mafuta. Rangi ya msingi kwanza, juu yake nyeusi, mikono miwili myepesi. Zile nukta hatukuzijaza. Fundi alichukua kijiti chenye rangi nyeupe akazipitia moja moja, jina likasomeka mpaka mbali.

Jana asubuhi nikaipanda kwenda kumtafuta mwenyewe. Nikwambie, ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Kimya, nyepesi, haiyumbi. Shetani hakuniacha njia nzima. Kila kwenye mteremko ananiambia, "Unaona sasa?"

Kijiji sikitaji. Ni huko upande wa reli. Niliuliza kwa jina, nikaelekezwa mpaka kwenye nyumba yenye mkwaju mbele. Nikakuta mzee amekaa, mkongojo pembeni. Nikamwamkia, "Mbukwa, babu. Shikamoo." Akaitikia. Lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye baiskeli.

Sikuhitaji kueleza mengi. Aliomba aisogelee. Akapitisha kidole juu ya zile nukta, akafika kwenye herufi moja iliyoandikwa kinyume, akaniambia, "Hii nilikosea. Niligonga mwenyewe, mwaka niliouza karanga nikainunua." Kisha akanyamaza muda.

Nikamwambia yote. Nilivyonunua, bei, na kwamba niliacha kuuliza makusudi. Nikamwomba radhi.

Na hapa nikuambie siri ya nafsi yangu, ili na wewe uijue yako. Njia nzima nilikuwa na tumaini limejificha. Nilitegemea mzee akiona uaminifu wangu atasema, "Chukua tu mwanangu, mimi miguu imeisha." Nilikuwa nimeshajiandaa kukataa mara mbili, ya tatu nikubali.

Hakusema hivyo. Akasema, "Asante kwa kunirudishia." Akamwita mjukuu wake, binti wa sekondari, akampa aijaribu. Kabla sijaaga alikuwa ameshaizunguka ile mkwaju mara tatu.

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipojua toba ni nini. Toba si kurudisha ili upewe tena kwa heshima. Ni kurudisha ukabaki huna.

Mzee si wa dini yetu. Aliniuliza kama nimefunga, nikasema ndiyo. Akasema, "Na sisi tuko kwenye Kwaresima." Akaingia ndani akatoka na mfuko wa karanga. "Za shambani kwangu. Futuru nazo." Nimesema hili makusudi, kwa sababu kuna mtu anadhani haki ya asiyeswali na sisi ni nyepesi. Haki ya mtu ni haki ya mtu. Allah ametukataza dhulma bila kutuuliza jirani anaabudu wapi.

Nilipotaka kuondoka, nikamuuliza kama naweza kuwaeleza waumini wenzangu habari hii. Akafikiri. Kisha akasema, "Waeleze. Ila sema yako. Ya huyo aliyeitoa hapa nyumbani, usiyaseme."

Kumbe anamjua. Alinieleza, na mimi sitasema. Aliyeibiwa ndiye anayemsitiri aliyemwibia. Na mimi niliyekuwa nasimama safu ya mbele nilikuwa nimetumia makopo ya rangi kujisitiri mwenyewe.

Nikarudi kwa miguu mpaka barabara kubwa, karanga mkononi, jua la saa nane kichwani. Baiskeli 45,000. Rangi, msasa, tairi, gololi na mkono wa fundi 62,000. Jumla 107,000 na sina baiskeli. Yule aliyeniuzia sijui alipo. Deni lake nimemwachia Allah. Lakini jana usiku nilipoinama kwenye rukuu, Wallahi, nilijihisi mwepesi.

*Na wewe, uani kwako kuna nini?*

Sasa tuache baiskeli. Tuzungumze mimi na wewe.

Mji wetu umebadilika haraka. Tangu Mji wa Serikali ulipoanza kujengwa hapa Mtumba, ardhi iliyokuwa ya mtama na uwele imekuwa ya viwanja. Jiwe la mpaka likisogezwa hatua mbili usiku, asubuhi ni hela. Je, mpaka wa kiwanja chako unaujua vizuri, au uliacha kuuliza?

Wako dada zetu ambao baba alifariki wakaambiwa mambo ya urithi yatazungumzwa baadaye. Hiyo baadaye imefika mwaka wa ngapi?

Yuko binti anayekupikia futari yako. Mshahara wake wa mwezi uliopita umempa? Wewe unafuturu kwa jasho lake, yeye anafuturu kwa ahadi yako?

Yuko fundi aliyekujengea ukuta, ukamwambia njoo Jumatatu. Yuko mwenye duka mwenye daftari lenye jina lako. Yuko uliyemsema kazini mpaka akahamishwa. Kuna kiti, kuna simu, kuna dumu la mafuta lililotoka ofisini likafika nyumbani, na likawa ni lako kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Usipake rangi. Futari kubwa ya watu mia haifuti mshahara wa mtu mmoja uliyemzuia. Sadaka ya mkeka msikitini haifuti fungu la dada yako. Hizo ni rangi nzuri, lakini zinahitaji chuma kisafi.

Nakupa kazi ya leo, ifanye kabla hujalala:

1. Kaa na kalamu na karatasi, zima simu. Andika kila mtu unayehisi ana haki kwako. Usijitetee kwanza, andika tu. Anzia chini ya kiti, kwenye maungio, pale usipopaangalia kila siku.

2. Chagua dogo kuliko yote ulimalize kesho. Deni la shilingi 5,000 linaweza kuwa ndilo msasa wa kwanza.

3. Mwenye haki akiwa amefariki, haki ni ya warithi wake. Watafute.

4. Ukimtafuta kwa kweli ukamkosa, toa sadaka kwa niaba yake, na uwe na nia kwamba siku akitokea na kuidai utamlipa.

5. Ukiogopa aibu au fitina, wanazuoni wamesema cha lazima ni haki kumfikia mwenyewe. Si lazima ueleze ulivyoichukua. Tuma kwa simu, pitishia kwa mtu unayemwamini. Mradi ifike.

6. Huna uwezo wa kulipa sasa? Nenda kamwambie hivyo. Mwombe muda. Kujificha ndiyo kutu. Kusema ndiyo msasa.

Na wewe unayedaiwa radhi, yaani aliyedhulumiwa ni wewe: haki ni yako, idai kwa heshima. Hulazimiki kuiacha ili uonekane mwema. Yule mzee hakuacha baiskeli yake. Lakini aliacha jina la mtu. Fikiria na wewe ni kipi unaweza kukiacha kwa ajili ya Allah.

Mtume (S.A.W), kama alivyopokea Bukhari, ametuhimiza tujivue na dhulma leo, kabla haijafika siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu, ni mema na maovu tu ndiyo yanayohamishwa. Leo bado kuna shilingi. Leo bado kuna nauli ya kwenda kijijini. Zimebaki siku saba tuingie kumi la mwisho, na kazi ya kukwangua si ya siku moja.

*Dua*

Ewe Allah, Wewe unayejua kilicho chini ya rangi zetu. Tupe ujasiri wa kufungua tulivyovifunga. Tuoneshe haki za watu zilizo mikononi mwetu kabla wenyewe hawajatushika mbele Yako. Wafungulie riziki wanaotaka kulipa na hawana. Walipe kwa ukarimu Wako waliodhulumiwa na hawajui wamlalamikie nani. Mponye mzee yule mguu wake, na umuongoze binti yule katika masomo yake. Usitufanye tuje Kwako na swaumu iliyokwisha kugawiwa watu. Amin, amin, amin.

Ombi moja: ukitaka kutoa maoni yako, usiandike jina la mtu yeyote wala kumfungia mtu fumbo. Kila mmoja aseme yake. Ujumbe huu mtumie mmoja tu katika familia yako, ila kwanza uutumie kwenye nafsi yako.

Tukutane kesho inshaAllah, siku ya 14.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.